Walipoondoka Wamisionari Mungu Hakuondoka



Wapenzi wasikilizaji, dominika ya leo tunawaalika mpande pamoja nasi hadi Masama, katika wilaya ya Hai, kwenye mitelemko ya magharibi ya Mlima Kilimanjaro. Atokaye Moshi mjini hushika barabara kuu iendayo Arusha, kisha huiacha na kuelekea kaskazini, na kadiri anavyopanda ndivyo migomba inavyosongamana na hewa inavyopoa. Wakazi wengi wa huko ni ndugu zetu Walutheri. Sisi Wakatoliki ni wachache kati yao, lakini tunaoana nao, tunachota maji katika mfereji mmoja, na tunazikana.

Ilikuwa ni katika kuzika ndipo tulipopewa swali ambalo hatujaweza kulisahau. Baada ya mazishi bibi mmoja, Mlutheri wa miaka mingi, alitukaribisha kikombe cha chai barazani kwake. Akasema: "Baba Padre, watoto wako Arusha na Dar es Salaam, wanarudi Krismasi na msibani. Kahawa haitulishi tena. Mvua hatuzielewi. Tunasali, lakini hatuoni. Hivi wazee wetu waliwezaje?"

Tulimjibu kwa maneno ambayo mapadre tumezoea kuyasema, naye akatushukuru kwa adabu. Lakini tulipokuwa tukiteremka tulitambua kwamba hatukumjibu. Yeye hakuuliza kama Mungu yupo. Aliuliza wazee waliwezaje, na hilo ni swali la historia. Hivyo basi, leo tungependa kumpa yule bibi, na kila mmoja wenu aliye na swali kama lake, jibu alilostahili siku ile.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Injili ilifika Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Kilema mwaka 1891, na ya Kibosho mwaka 1893. Mwaka huohuo wa 1893 wamisionari Walutheri wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walifungua misheni yao ya kwanza Machame. Kutoka Machame kazi yao ilienea Mamba, Moshi ya zamani na kwingineko, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikafika Masama, ambako mmisionari Bruno Gutmann alifanya kazi kwa muda kabla ya kwenda kukaa Moshi ya zamani kwa miaka mingi.

Lakini, ndugu wapenzi, hatuwezi kusimulia habari hii kana kwamba Injili ilikuja peke yake. Nyuma yake, na wakati mwingine mbele yake, ilikuja bunduki. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya zamani, serikali ya Kijerumani iliwanyonga watu 19, wakiwamo viongozi wa Wachagga, Wameru na Waarusha. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Siha ni jirani wa Masama upande wa magharibi. Kwa hiyo hakuna mtu mzima wa Masama wa siku zile ambaye hakusikia habari hiyo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba walionyonga walisema lugha ileile waliyosema wamisionari wakihubiri upendo.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu bila hilo hatutaelewa uzito wa yale yaliyofuata. Wako wanaodhani kwamba wazee wetu waliipokea imani kwa kuvutiwa na shule, dawa na nguo. Yawezekana wapo walioanzia hapo. Hata wale waliomfuata Bwana wetu kando ya ziwa la Galilaya, wengi wao walifuata mikate. Swali ni nani aliyebaki mikate ilipokwisha. Na mlimani kwetu mikate ilikwisha kweli.

Mwaka 1914 vita vya Wazungu viliwaka na kufika mpaka huku. Machi 1916 majeshi ya Uingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Waafrika, ambao hawakuujua ugomvi huo, ndio waliobeba mizigo yake. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na jina la Kariakoo, mahali panapojulikana kwa kila mkazi wa Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Makumi ya maelfu yao katika Afrika Mashariki walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na njaa. Vita vilipokuwa vikimalizika, mwaka 1918, ikaja homa kuu ya mafua iliyoizunguka dunia yote na kuua mamilioni ya watu. Wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa na vita. Sasa ugonjwa ukaja kwa waliobaki nyumbani.

Ndipo likaja pigo la tatu, ambalo ndilo hasa tunalotaka kulitafakari leo. Ujerumani ilikuwa imeshindwa, na Waingereza waliokuwa wakitawala hawakutaka raia wake wabaki nchini. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondolewa Kilimanjaro na kurudishwa kwao. Walibaki wachache mno ambao hawakuwa Wajerumani kwa uraia, kama Leonhard Blumer, mzaliwa wa Estonia, aliyekuwa upande wa Arusha. Sharika zilizokuwa zimelelewa kwa miaka karibu 27 zikabaki bila wachungaji. Hapakuwa bado na Mchagga hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji.

Hebu tufikiri pamoja, wapenzi wasikilizaji. Kama imani ile ingalikuwa ni joho la mgeni, huo ndio ungalikuwa wakati wa kulivua. Walioileta walikuwa wameshindwa vitani, wamepakiwa melini na kuondoka. Serikali mpya haikumlazimisha mtu yeyote kukaa katika dini ya Wajerumani. Wazee walioendelea kutambika kwa desturi za zamani walikuwapo, nao wangeweza kusema kwa haki: "Tuliwaambia. Mungu wao ameondoka nao." Na kumbukumbu ya mwaka 1900 ilikuwa bado mbichi, kwani watoto wa walionyongwa walikuwa sasa watu wazima.

Lakini imani haikuvuliwa. Walimu wazalendo, waliokuwa wamefundishwa kusoma, kuimba na kueleza katekisimu, walishika uongozi pamoja na wazee wa usharika. Kengele zikaendelea kugongwa jumapili. Watoto wakaendelea kufundishwa. Wagonjwa wakaendelea kutembelewa, na wafu kuzikwa kwa sala. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka Walutheri wa Marekani walipofika kusaidia katika miaka ya 1920, na wale wa Leipzig wenyewe waliporuhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925. Hawakukuta magofu. Walikuta Kanisa.

Hatusemi kwamba wote walisimama. Katika kila dhiki wako wanaochoka, na Mungu peke yake ndiye ajuaye mzigo wa kila mmoja. Lakini waliosimama walitosha kuubeba moto usizimike.

Na hapa ndipo tunapofikia swali la bibi yule. Waliwezaje?

Jibu la kwanza ni kwamba hawakuwa wameiweka imani yao mikononi mwa mtu mmoja. Bruno Gutmann, tuliyekwisha kumtaja, aliwachunguza Wachagga kwa makini akaona kwamba mtu wa mlimani hasimami peke yake kamwe. Ameshikwa na kamba tatu: ukoo wake, majirani zake na rika lake. Wamisionari wengine wa zama zile walimvuta mwongofu kutoka katika kamba hizo ili awe Mkristo. Gutmann alifundisha kwamba usharika ujengwe juu ya kamba hizohizo, majirani wakiangaliana na rika likilea rika. Tunaweza kubishana naye katika mambo mengine, kwani katika kuzipenda desturi zetu pengine alitamani tusibadilike hata pale tulipotaka wenyewe kubadilika. Lakini katika hili aliona sawasawa. Mmisionari anaweza kufukuzwa kwa amri ya serikali. Ujirani haufukuziki.

Sisi Wakatoliki tulichelewa kidogo kulitambua jambo hilo. Ni katika miaka ya 1970 ndipo maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua kwamba jumuiya ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji wetu. Leo tunazo kila mahali. Lakini tujiulize kwa unyofu: Je, jumuiya yetu ni majirani wanaobebana, au ni mahali pa kukusanyia michango na kuandikiana barua ya kupata huduma? Siku padre atakapokosekana, jumuiya ya namna gani itabaki imesimama?

Jibu la pili limo katika mifereji. Wote mliokulia mlimani mnaujua mfongo, mfereji wa maji unaotoka juu msituni na kuzunguka mabonde mpaka ufike katika vihamba. Wengi wa waliochimba mifereji hiyo hatuwajui hata kwa majina. Nao hauhitaji kuchimbwa tu; wahitaji kuzibuliwa kila mara. Siku ya kazi ikitangazwa watu hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa faini. Tena haiulizwi kama siku hiyo maji ni mengi au machache. Huzibuliwa hata wakati wa kiangazi, maji yakiwa kama uzi, kwa sababu mvua ikija na kuukuta mfereji umezibwa, itapita pembeni na kuteremka bondeni bila faida.

Sala ya wakati wa ukavu ndiyo hiyo, ndugu wapenzi. Bibi yetu alisema: "Tunasali, lakini hatuoni." Wale wa mwaka 1920 nao hawakuona. Hakuna aliyewaambia kwamba msaada ungefika baada ya miaka michache. Kwa macho yao hali ile ingeweza kuwa ya milele. Walifanya kilichokuwa mikononi mwao: waligonga kengele, wakafundisha watoto, wakaimba. Waliuzibua mfereji.

Nao si wao peke yao. Nchini Buganda, mwaka 1882, Mapadre Weupe walilazimika kuondoka, wasirudi mpaka mwaka 1885. Walipokuwa mbali, wakristo wapya kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa waliendelea kuwafundisha wenzao, na idadi ya waliotaka ubatizo ikaongezeka. Kutoka katika malezi yale walitokea mashahidi Wakatoliki wa Uganda, ambao wengi wao waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Na mbali zaidi, nchini Japani, Ukristo ulipigwa marufuku mwaka 1614. Mwaka 1865 padre Mfaransa aliyekuwa Nagasaki alifuatwa kanisani na kikundi cha wakulima waliomnong'oneza kwamba imani yao ni moja na yake. Walikuwa wameitunza kwa siri kwa zaidi ya miaka 200 bila padre, baba akimwachia mtoto, mtoto akimwachia mjukuu.

Nao Waisraeli je? Hekalu lilipobomolewa na watu kupelekwa Babeli, hawakuwa tena na altare, wala mfalme, wala sadaka. Nabii Yeremia aliwaandikia barua huko uhamishoni, na haikuwa barua ya kuwadanganya kwamba watarudi kesho. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuzaa, na kuuombea mema mji ule waliomo. Naye mwenyewe, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na adui, alinunua shamba kwa jamaa yake na kuhifadhi hati yake katika chombo cha udongo. Watu wenye akili walimwona mjinga, kwani nani anunuaye shamba katika nchi inayotekwa? Lakini tumaini la Kikristo lafanana na hati hiyo ya shamba. Ni tendo afanyalo mtu leo kwa ajili ya siku asiyoiona.

Jibu la tatu ni gumu kidogo, nasi tunalisema kwa unyenyekevu. Wazee wale waliweza kwa sababu walijifunza kumtofautisha Mungu na vitu vilivyokuja pamoja na Mungu. Mpaka mwaka 1920 Mungu alikuwa amewafikia akiwa amefungamana na shule ya mmisionari, dawa ya mmisionari na ulinzi wa mmisionari. Vilipoondolewa walilazimika kutazama ni nini kilichobaki. Kikabaki kile walichokuwa wamekipokea kweli: jina la Yesu, sala ya Baba Yetu, maji ya ubatizo, na mwenzao aliyelala njaa nyumba ya pili.

Nasi wa leo tuko katika darasa hilohilo. Kizazi cha baba zetu kilizoea kuiona baraka ya Mungu ikiwa na harufu ya kahawa. Si kosa. Kahawa ndiyo iliyosomesha watoto wa Kilimanjaro, na chama cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilikuwa fahari ya nchi nzima. Kisha Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakidhibiti soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka duniani kote, na mkulima aliyekuwa akivuna kwa bidii ileile akajikuta maskini bila kujua kosa lake. Wengi waling'oa mibuni. Hata mlima wenyewe umebadilika: wataalamu wamepima na kuona kwamba asilimia 85 hivi ya barafu iliyokuwa kileleni mwaka 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika mwaka 2007. Yule bibi amekiona kwa macho yake kilele kikizidi kuwa cheusi mwaka hata mwaka.

Je, tumwambie kwamba yote yatarudi? La hasha. Hatujui kama bei itakuwa kama zamani, wala kama theluji itarudi, wala kama wajukuu watakuja kuishi katika kihamba. Padre anayeahidi mambo ambayo Mungu hakuyaahidi anawaibia watu, kwani yakishindikana huondoka na imani yao. Tunachoweza kumwambia ni hiki: mambo yale yalikuwa zawadi, hayakuwa Mungu. Zawadi yaweza kuondoka na Mtoaji akabaki. Wazee wake walilijua hilo, ndiyo maana yeye leo anasali.

Na tusisahau matunda. Mwaka 1906 alizaliwa huko Mamba mtoto aliyeitwa Stefano Moshi. Mwaka 1920, wamisionari walipoondolewa, alikuwa kijana wa miaka 14 hivi, wa umri wa kutazama wakubwa wanafanya nini. Alikua, akawa mwalimu, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949. Mwaka 1963, makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa kanisa moja, Askofu Stefano Moshi ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza, mpaka alipofariki mwaka 1976. Upande wetu nako, mwaka 1960 Jimbo la Moshi lilimpata askofu wake wa kwanza mzalendo, Yosefu Kilasara. Mwalimu wa kijiji aliyegonga kengele mwaka 1921 hakujua anawalea viongozi wa Kanisa. Alijua tu kwamba ni jumapili.

Tunapenda pia kusema neno moja kwa Wakatoliki wenzetu wanaotusikiliza. Yawezekana baadhi yenu mnajiuliza kwa nini padre anawasifu Walutheri katika dominika. Tunawasifu kwa sababu ni haki yao, na kwa sababu mali ya Roho Mtakatifu haina uzio. Wako wazee wa pande zote mbili wanaokumbuka siku ambazo Mkatoliki na Mlutheri hawakuingiliana makanisani mwao hata siku ya msiba. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Walutheri duniani walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunaokolewa kwa neema ya Mungu, wala si kwa mastahili yetu. Tamko hilo liliandikwa na wanateolojia kwa kazi ya miaka mingi. Kule Masama watu walikuwa wamekwisha kulielewa walipokuwa wakizikana.

Basi, wapenzi wasikilizaji, juma hili tufanye mambo matatu. Kwanza, kila mwenye mzee nyumbani amwulize jinsi imani ilivyofika katika ukoo wao, na ni nani aliyeitunza wakati wa shida. Asikilize mpaka mwisho, na watoto wawepo. Pili, tumtafute jirani mmoja aliyeacha kusali kwa kuchoka, tusimhubirie, tukae naye tu. Tatu, tusiiache sala yetu ya jioni hata kama ni kavu. Ni siku ya kazi ya mfereji. Tutoke na jembe.

Nasi tumekusudia kurudi Masama, barazani kwa bibi yule, tukamweleze haya yote. Tunadhani atatujibu kwamba alikuwa akiyajua, ila alitaka kusikia kama sisi tunayajua.

Tuombe. Ee Mungu wa baba zetu, uliyeitwa Ruwa mlimani kwetu kabla hatujalisikia jina la Mwanao, tunakushukuru kwa wote walioitunza imani wakati hapakuwa na mtu wa kuwashika mkono. Uwape pumziko. Uwatie nguvu waliochoka, uwarudishe walio mbali, na utujalie sisi kuwaachia watoto wetu mfereji ulio wazi. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.